Frederick Jackson: Gavana aliyewaachia kindi, kwale na kinyonga jina lake

JINA la Frederick John Jackson halisikiki siku hizi katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Hata hivyo, maisha ya Mwingereza huyu, aliyeaga dunia mwaka wa 1929, yamefungamana na historia ya mitaa hiyo kwa namna ambayo wakazi wengi hawaifahamu.

Kibera ni neno lililotokana na kibra, ambalo kwa Kinubi lina maana ya msitu. Kawangware nayo, kwa mujibu wa simulizi za wenyeji, ilipata jina lake kutokana na ngware, yaani kwale kwa lugha ya Agikuyu. Kwa hivyo mtaa mmoja unabeba jina la miti, na mwingine jina la ndege aliyekuwa akikimbia vichakani chini ya miti hiyo.

Jackson ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwaandika katika vitabu vya sayansi wanyama wa nyanda za juu za Kenya. Na ni yeye pia aliyepigwa risasi na askari wa asili moja na wale waliokuja kuuita msitu wa Nairobi kibra.

Mambo haya mawili, wanyama na askari, ndiyo yanayoyafanya maisha yake kuwa na maana hadi leo.

LAMU

Jackson alizaliwa Februari 17, 1860, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma katika shule ya Shrewsbury na baadaye Chuo cha Jesus, Cambridge. Tangu ujanani alivutiwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba enzi hizo: uwindaji na ukusanyaji wa ndege na wanyama.

Katika misitu ya Uingereza aliyokulia, kindi wa asili alikuwa yule mwekundu, mwenye nywele ndefu masikioni. Mwaka wa 1876, Jackson akiwa kijana wa miaka 16, kindi wa kijivu kutoka Marekani waliachiliwa katika shamba moja la jimbo la Cheshire ili kulipamba. Wageni hao walizaana, wakaenea na kuwasukuma wenyeji pembeni, hata leo kindi mwekundu ni nadra katika sehemu kubwa ya Uingereza.

Jackson alifika pwani ya Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1880. Alipokewa Lamu na John Haggard, aliyekuwa naibu balozi wa Uingereza huko na ndugu yake mwandishi Rider Haggard. Wapo wanaosema kwamba Rider Haggard alimtumia Jackson kama kielelezo alipomchora mhusika wake Kapteni Good katika riwaya ya Mashimo ya Mfalme Suleimani.

Ukweli wa dai hilo haubadili jambo moja. Kijana huyu hakuwinda ili kujipatia pembe za kutundika ukutani tu. Alichuna ngozi za ndege na wanyama wadogo, akaziandika mahali na tarehe, kisha akazipeleka London. Panya, popo, kindi na kinyonga, viumbe ambao wawindaji wengi waliwapita bila kuwatupia jicho, walikuwa na thamani machoni pake.

MSAFARA WA 1889

Mnamo 1888 Jackson alijiunga na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imepewa idhini ya kutawala na kufanya biashara katika eneo hili. Mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa msafara mkubwa wa kuelekea Ziwa Victoria.

Msafara huo ulipitia Ukambani na nchi ya Agikuyu, ukakata Bonde la Ufa na kufika Mumias. Huko Jackson alikuta barua za Kabaka Mwanga wa Buganda akiomba msaada. Kwa kuwa maagizo ya kampuni hayakumruhusu kuingia Buganda, aligeukia kaskazini na kukwea Mlima Elgon.

Alipokuwa mbali, Mjerumani Carl Peters aliingia kambini mwake Mumias, akazifungua na kuzisoma barua zake, kisha akafanya hima kwenda Buganda na kutia saini mkataba na Mwanga. Jackson alifika Buganda Aprili 1890, akiwa amechelewa.

Hata hivyo, mkataba wa Peters haukudumu. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Uganda iwe chini ya Uingereza, nayo Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland. Watu wa Buganda hawakuulizwa.

Kisiasa, Jackson alikuwa ameshindwa na mpinzani aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Lakini mizigo aliyorudi nayo pwani ilijaa ngozi za ndege ambao wanasayansi wa London hawakuwa wamewahi kuwaona. Mwaka wa 1891 watatu kati yao walipewa jina lake: kwale wa Jackson aishiye katika milima kama Mlima Kenya na Aberdare, hondohondo wa Jackson, na ndege mweusi mwenye mkia mrefu ambaye dume lake huruka juu na kushuka nyasini akiwachezea majike.

Baadaye walifuata kongoni wa Jackson mwaka wa 1892, nguchiro wa Jackson mwaka wa 1894, na mwaka wa 1896 kinyonga wa Jackson, yule ambaye dume lake lina pembe tatu na ambaye hadi leo huonekana katika nyua za miti jijini Nairobi.

Wapagazi waliobeba mizigo hiyo, na vijana wa Kiafrika waliowanasa wanyama na kuwachuna, hawakupewa jina la mnyama hata mmoja. Wala majina ambayo wenyeji walikuwa tayari wakiwaita wanyama hao hayakuzingatiwa.

KINDI WA JACKSON

Mwaka wa 1897 ikawa zamu ya kindi. Mtaalamu William Edward de Winton alimweleza kindi mdogo wa mitini kutoka Kenya na kumpa jina la Jackson. Wanasayansi wa leo humhesabu kuwa tawi la spishi iitwayo Paraxerus ochraceus, yaani kindi wa vichakani mwenye manyoya ya rangi ya kahawia inayokaribia manjano.

Huyu ndiye aina ya kindi ambaye mkazi wa Nairobi hukutana naye katika bustani ya miti ya Arboretum, City Park au msitu wa Karura. Wengine humwita kuchakulo. Hutoka mchana, hula matunda, mbegu, machipukizi na wadudu, na hulala katika mashimo ya miti.

Kindi ni ukoo mkubwa. Duniani kuna spishi zinazokaribia 300, nao wanapatikana katika mabara yote isipokuwa Australia na Antaktika. Wamo kindi wa mitini, kindi wa ardhini wanaochimba mashimo, na wale wenye ngozi iliyotanda kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, ambao huteleza hewani kutoka mti hadi mti.

Katika misitu ya India na kusini mashariki mwa Asia wapo kindi wakubwa ambao, ukipima pamoja na mkia, hukaribia urefu wa mita moja. Katika misitu ya Kamerun na Gabon yupo kindi mdogo kuliko wote, ambaye uzito wake ni takriban gramu 16 tu.

Afrika Mashariki nayo ina utajiri wake. Msitu wa Kakamega una kindi mkubwa ambaye jamaa zake wameenea hadi Afrika Magharibi. Misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke ina kindi mwekundu wa tumbo na mkia. Milima ya Usambara nchini Tanzania nayo ina kindi wake. Misitu ya milima ya Uganda, Rwanda na Burundi ina kindi aliyepewa jina la Carruthers, mkusanyaji mwingine Mwingereza.

Sababu ya wingi huo ni misitu yenyewe. Kindi wa mitini havuki uwanda mpana kwa urahisi. Msitu ukitengwa na mwingine kwa muda mrefu, kindi wake hujibadilisha kidogo kidogo hadi wakawa tofauti na jirani zao. Hivyo kila msitu unaokatwa huenda ukapotea na kiumbe ambaye hana makao mengine.

UASI WA 1897

Mwaka huo huo ambao kindi alipewa jina lake London, Jackson nusura apoteze maisha.

Wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali ya Uganda, ambayo mpaka wake ulifika Bonde la Ufa, na alikuwa akikaimu nafasi ya kamishna. Ulinzi wa himaya hiyo ulitegemea askari kutoka Sudan, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambao Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka wa 1891. Hao ndio waliokuja kuitwa Wanubi.

Askari hao walikuwa wamechoshwa. Walipelekwa vitani kila upande bila mapumziko, ujira wao ulikuwa mdogo, ulilipwa kwa nguo na mara nyingi ulicheleweshwa. Walipoamriwa kuandamana na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini bila jamaa zao, walikataa.

Septemba 1897 walifika Eldama Ravine kutoa malalamiko. Jackson alijaribu kuwatuliza lakini hakufaulu. Askari hao waliondoka kuelekea Busoga, wakaitwaa ngome ya Luba na kuwashika mateka maafisa wa Kiingereza, akiwemo Meja Thruston.

Oktoba 19 palitokea mapigano makali karibu na ngome hiyo. Jackson alipigwa risasi na kujeruhiwa vibaya. Baada ya mapigano, mateka wa Kiingereza waliuawa. Ilichukua miezi mingi kuuzima uasi huo, na askari wa India waliletwa kusaidia.

Serikali ilikiri baadaye kwa vitendo kwamba malalamiko ya askari yalikuwa na msingi, kwa kuwa iliupandisha mshahara wao. Wanubi waliobaki watiifu waliendelea kutumika, na Januari 1, 1902, waliingizwa katika jeshi jipya la King's African Rifles, ambalo wananchi walilijua kwa jina la Keya.

MSITU WA ASKARI

Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na mji ukaanza kukua. Mwaka wa 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, na Jackson akahama nao. Alikuwa naibu kamishna, na kuanzia 1907 akawa naibu gavana.

Ni katika miaka hiyo, kuanzia 1904, ambapo askari wa Kinubi wa Keya walianza kupewa ruhusa ya kujenga katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji. Ardhi hiyo haikuwa tupu kwa maana kamili, kwani Wamaasai na Agikuyu waliijua na kuitumia, lakini serikali iliihesabu kuwa mali yake. Mwaka wa 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa eneo la jeshi.

Wanubi walikata miti kiasi cha kujenga na kulima, wakafuga, wakajenga misikiti, wakaanzisha makazi kama Makina na Lindi. Jina la Laini Saba husemekana lilitokana na uwanja wa askari wa kulengea shabaha.

Hata hivyo, hawakupewa hati za kumiliki ardhi. Walikaa kwa hisani ya serikali, na hisani hupungua. Sehemu baada ya sehemu ilimegwa ili kujengewa mitaa mingine, huku wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya wakihamia.

Iliwachukua Wanubi zaidi ya karne moja kupata hati. Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 tu, chini ya sehemu moja kwa kumi ya eneo la 1918. Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilikuwa imeamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowahakikishia uraia tangu wanapozaliwa.

Jackson siye aliyeutunga mpango wa Kibera peke yake. Lakini alikuwa katika ngazi za juu za serikali ambayo iliwalipa askari wake kwa msitu bila kuwapa karatasi.

Rekodi yake kuhusu ardhi ina pande mbili. Mwaka wa 1904 alikuwa miongoni mwa maafisa waliopinga kugawiwa walowezi malisho ya Wamaasai katika Bonde la Ufa, mzozo ambao ulichangia kujiuzulu kwa Kamishna Charles Eliot. Lakini mwaka huo huo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba, naye Jackson akaendelea kuitumikia serikali iliyowahamisha.

MAKUMBUSHO

Aprili 21, 1909, rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt alitia nanga Mombasa. Jackson, ambaye wakati huo alikuwa akikaimu nafasi ya gavana, ndiye aliyempokea. Walisafiri kwa garimoshi, wakiketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini, wakitazama wanyama waliotapakaa pande zote za reli.

Roosevelt alikuja na wanasayansi watatu, na msafara wake ulirudi Marekani na vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000. Vingi vilikuwa vya wanyama wadogo, wa aina ile ile ambayo Jackson alikuwa akiikusanya peke yake kwa miaka 25.

Mwaka huo huo Jackson na wenzake, miongoni mwao Charles Hobley na msimamizi wa wanyamapori Blayney Percival, walianzisha chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Jackson alikuwa rais wake wa kwanza. Chama hicho kingalipo, na sasa kinajulikana kama Nature Kenya.

Chama kilianzisha jumba dogo la makumbusho mwaka wa 1910 mahali ambapo leo pamesimama Nyayo House. Lilihama mwaka wa 1922, na mwaka wa 1930 jumba jipya likafunguliwa katika kilima cha sasa cha makumbusho.

Jumba hilo halikupewa jina la Jackson. Liliitwa Coryndon, kwa heshima ya Robert Coryndon, aliyempokea Jackson ugavana wa Uganda mwaka wa 1918 na baadaye akawa gavana wa Kenya. Baada ya uhuru jina la Coryndon nalo liliondolewa, na jumba likawa mali ya taifa. Majina ya wanyama hayakubadilishwa.

MIAKA YA MWISHO

Jackson aliteuliwa kuwa gavana wa Uganda mwaka wa 1911. Katika kipindi chake reli ya Busoga ilikamilika na kilimo cha pamba kikapanuka, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuvuruga kila kitu. Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka wa 1913, na akastaafu miaka michache baadaye.

Ustaafuni alishika kazi aliyoipenda kuliko ugavana: kuandika juu ya ndege. Alikuwa na maelfu ya vielelezo na madaftari ya miaka mingi. Hakuimaliza. Aliaga dunia Februari 3, 1929, huko Beaulieu-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 68.

Kumbukumbu zake za siku za mwanzo katika Afrika Mashariki zilichapishwa mwaka wa 1930. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, chenye majuzuu matatu, kilikamilishwa na mtaalamu William Sclater na kutolewa mwaka wa 1938.

KILICHOBAKI

Thamani kubwa ya kazi ya Jackson leo haimo katika jina lake bali katika lebo alizozifunga kwenye ngozi. Kila lebo inaeleza kwamba mahali fulani, siku fulani, mnyama fulani aliishi. Bila kumbukumbu za aina hiyo, hakuna anayeweza kupima kilichopotea.

Na kimepotea kingi. Mtu akitembea leo kutoka Kawangware, kupitia Barabara ya Ngong, hadi Makina, anapita mabati, vibanda vya mboga, karakana na magorofa. Ngware hawapo Kawangware. Kibra wa Kibera umebaki kando tu, katika Msitu wa Ngong Road unaopakana na mtaa huo.

Msitu huo ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932. Tangu wakati huo umemegwa mara kwa mara, na zaidi ya nusu ya eneo la awali imekwenda. Kilichosalia ni hekta zipatazo 1,224, nazo zimekatwakatwa na barabara, ikiwemo ile kubwa ya kusini inayozunguka jiji.

Kwa binadamu, barabara ni njia. Kwa kindi wa mitini, barabara pana ni mto usiovukika. Akiachwa katika kipande kidogo cha miti, bila tawi la kumfikisha kipande kingine, kizazi chake hudhoofika hata kama hakuna anayemwinda.

Ni kosa kudhani kwamba wakazi wa Kibera na Kawangware ni maadui wa msitu huo. Walioumega zaidi hawakuwa watafuta kuni bali watu wenye hati, na hati ndicho kitu ambacho Mnubi wa Kibera alikosa kwa miaka mia moja. Katika jiji hili, mti na maskini wameondolewa kwa kalamu ile ile.

Jackson aliijua kalamu hiyo kwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja aliandika majina ya viumbe ili wasisahaulike. Kwa upande mwingine alitumikia utawala ulioandika ramani na kuwasahau watu waliokuwa ndani yake. Hakuna upande unaoufuta mwingine.

Kindi aliyepewa jina lake hana habari na ugavana wala uasi. Anachohitaji ni mti wenye shimo, na mti mwingine ulio karibu. Wajukuu wa askari waliompiga Jackson risasi, na waliopigana upande wake, nao hawakuomba makubwa: ardhi ya kuzikia wazee wao na karatasi ya kuthibitisha kwamba ni yao. Haki hizo mbili bado zinangoja katika msitu mmoja.